Kazi ya Miiba

Mwezi wa nane unapoelekea ukingoni, mberi usio na miiba hubeba vizazi viwili kwenye shina moja. Kuna fito zilizochipuka mwaka jana, zikapita kipindi cha baridi zikiwa uchi, zikachanua mwezi wa sita, zikazaa beri nyeusi hadi waya zikalegea kwa uzito. Na kuna fito zilizochomoza mwaka huu, za kijani, laini, ndefu kumpita mtu mzima, ambazo hazijawahi kubeba tunda. Zote zimetoka kwenye mzizi mmoja, zimepishana ndani ya majani yaleyale, na mkasi ukishaingia humo hauulizi umri. Anayepogoa ndiye anayepaswa kuuliza.

Mizizi ya mberi huishi miaka mingi, lakini ufito umepewa miwili. Mwaka wa kwanza unakua tu. Wa pili unazaa, na ukishazaa unakufa, ukatwe usikatwe. Zipo aina mpya ambazo ncha ya ufito mchanga huzaa mwaka huohuo wa kwanza, ila hata hizo hazivuki wa pili. Kwa hiyo mwenye mkasi anautangulia mmea katika jambo ambalo mmea wenyewe umekwisha kuliamua. Ufito uliozaa ukiachwa unakauka hapohapo uliposimama, unazinyima fito changa mwanga na hewa, na kuvu walioingia kwenye gome lake wanakaa humo wakingoja mvua. Wapo watunzaji wanaosubiri mpaka uanze kunyauka kabisa, kwa hoja kwamba ufito unapokufa hurudisha mizizini chakula ulichobakiza. Hoja hiyo naiheshimu, na mwaka ambao sioni dalili ya ugonjwa huifuata.

Kuzitambua fito zilizozaa si kazi ya macho peke yake. Ufito uliozaa una gome la kahawia lililokakamaa na vikonyo vitupu pale palipokuwa na matunda. Mchanga ni kijani, au una wekundu upande uliopigwa na jua, na majani yake ni mapana. Lakini ndani ya kichaka rangi hudanganya. Unashika ufito chini kabisa, karibu na udongo, unaufuata kwa kiganja hadi juu, unarudi nao chini, ndipo unakata. Ukishaukata huuvuti mzima mzima. Unaukatakata vipande na kutoa kimoja kimoja, maana ufito mkavu ukivutwa kwa nguvu huchuna gome la zile changa zinazobaki. Kazi hii ninaifanya bila glavu. Kwenye mberi wenye miiba isingewezekana.

Nimekulia kwenye kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, Muleba, mkoani Kagera, na utaratibu huu niliujua kabla sijauona mberi. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu. Mkungu ukishakatwa, mgomba wenyewe nao unaangushwa, na nafasi yake inashikwa na chipukizi lililokuwa likikua kando. Kwenye shina linalotunzwa vizuri huachwa watatu: mama mwenye mkungu, binti anayemfuata, na mjukuu anayeanza kuchungulia, mengine yote yanaondolewa yangali madogo. Shangazi yangu, aliyenifundisha kazi hiyo, alikuwa akilizunguka shina zima kwanza, panga mkononi, akitazama ni binti yupi ameelekea upande wenye nafasi, ndipo anainama. Mtu mwenye haraka hakumruhusu kugusa migomba yake. Nilipohamia Oregon, magharibi ya Marekani, nikaanza kutunza miberi nyuma ya nyumba katika bonde la mto Willamette, sikuhitaji kushawishiwa kwamba aliyekwisha kuzaa ampishe mwenzake. Habari ya miiba ndiyo iliyokuwa ngeni kwangu, kwa sababu mgomba hauna.

Miiba Oregon haitafutwi. Kando ya reli, kando ya barabara kuu, kwenye kingo za mito na nyuma ya maduka yaliyofungwa, kuna mberi mmoja mkubwa ambao watu wa huko huuita wa Himalaya. Luther Burbank, mzalishaji wa mimea wa California, ndiye aliyeusambaza Marekani kuanzia mwaka 1885 kwa mbegu alizopata kutoka India, ingawa wataalamu wa mimea leo wanauhesabu kuwa mmea wa Armenia na nchi jirani zake. Ulikuwa mtamu, wenye nguvu, wenye kuzaa kwa wingi. Ndege wakala, wakabeba mbegu. Leo jimbo la Oregon limeuandika kwenye orodha ya magugu hatari, na kila kiangazi familia zinauendea zikiwa na ndoo, zinarudi na matunda meusi na mikono iliyochanwachanwa. Sina chuki nao. Ndege wadogo hujenga humo viota ambavyo paka hathubutu kuvifikia, na mtu asiye na kiwanja wala pesa ya soko anachuma humo bila kuomba ruhusa.

Yeyote anayetaka kuuelewa mberi usio na miiba akautazame kwanza huo wa Himalaya ukipanda uzio. Miiba yake imepinda kuelekea nyuma, kuelekea chini ya ufito. Ufito mchanga unaegemea ubao, mwiba mmoja unanasa, upepo unausukuma juu kidogo, wa pili unanasa, na hauwezi tena kurudi ulikotoka. Kwa njia hiyo unapanda juu ya uzio, juu ya kibanda, juu ya mti wa jirani, kisha unapinda na kushusha ncha yake chini upande wa pili, ncha inagusa udongo na kutoa mizizi. Watu tumezoea kuufikiria mwiba kama silaha ya kumfukuza mlaji, na kweli kulungu hupunguza tamaa akiuona. Lakini nusu ya kazi ya mwiba ni kushika. Mberi hauna shina nene la kuusimamisha wala vikono vya kujizungusha kama mzabibu. Unapanda kwa miiba.

Sasa uondoe miiba. Ufito unabaki na nguvu zote za kukua na hauna cha kujishikia. Aina ninayoitunza, Triple Crown, iliyotolewa mwaka 1996, hutoa fito nene kama kidole gumba zinazosimama kwa ujasiri hadi usawa wa kifua, kisha zinajiinamia na kulala ardhini, na matunda yake huishia kwenye tope na konokono. Kwa hiyo unachimbia nguzo. Unakaza waya mbili, moja usawa wa kiuno na nyingine usawa wa uso. Unazipanua fito changa mithili ya vidole vya mkono uliofunguliwa, na kila mahali ufito unapokutana na waya unaufunga. Ukikua unaufunga tena. Kulungu wakija, unazungushia wavu. Hesabu kila kazi ambayo mtunzaji wa mberi laini huifanya na mtunzaji wa mberi wa porini haifanyi, utakuta umeorodhesha kazi za mwiba. Tulipouondoa mwiba tulibaki na kazi yake, na sasa inafanywa na mikono yetu.

Naona hilo ni jambo la heshima, na ndiyo sababu ya kuliandika. Mmea uliokubali kuacha kinga yake ili mtoto achume matunda bila kulia unatudai kitu. Hautudai kwa kuchoma. Mberi wenye miiba ukiuacha mwaka mmoja bila kuupogoa unakufungia njia ya kwenda chooni, na utaupogoa kwa lazima. Usio na miiba unakuvumilia. Unapita kando yake kila asubuhi, fito za mwaka juzi zimekaukia ndani, changa zinatambaa chini ya nyasi, na hakuna hata jani moja litakalokushika shati. Mimea mingi ya aina hii niliyoiona imekufa au kuacha kuzaa kwenye bustani za watu haikuuawa na baridi wala ugonjwa. Ilikuwa haimsumbui mtu.

Ulaini wenyewe ulitafutwa kwa kazi ndefu. Kule Ulaya kuna mberi wa porini, Rubus ulmifolius, ambao miongoni mwake hutokea mmea usio na miiba. Wataalamu wa taasisi ya John Innes, wakati ilipokuwa Merton, London, waliutumia kupata aina waliyoiita Merton Thornless. Matunda yake hayakuwa ya kusifiwa sana, lakini ilikuwa na urithi ambao wengine waliuhitaji. Hapa ndipo penye ugumu. Miberi ya kundi hilo hubeba nakala nne za kila jeni, si mbili kama sisi, na ulaini hujitokeza pale tu nakala zote nne zinapokubaliana. Ukiuchanganya mmea laini na mmea wa miiba usio na urithi wa ulaini, watoto wote wana miiba. Ukiwachavusha watoto hao wao kwa wao, unatarajia mmoja laini kati ya 36. Na huyo mmoja bado lazima awe mtamu, astahimili baridi, azae. Watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani waliifanya hesabu hiyo kwa subira, wakatoa Thornfree na Smoothstem mwaka 1966, kisha nyingine, hadi Chester mwaka 1985. Huko Arkansas, mzalishaji James Moore alianzisha kazi yake mwaka 1964, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ikatoka Navaho, iliyo laini na yenye uwezo wa kusimama wima yenyewe kuliko zilizotangulia.

Katika habari hiyo yote kuna jambo dogo ninalolipenda kupita mengine. Mzalishaji halazimiki kungoja mche ukue ndipo ajue kama utakuwa na miiba. Mbegu ikishaota, na majani mawili ya kwanza yakafunguka, anayatazama pembeni kwa kioo cha kukuzia. Mche wa miiba una vinyweleo vyenye vitezi kwenye ukingo wa majani hayo. Mche laini ukingo wake ni mtupu. Tabia itakayoonekana kwenye ufito wa mita tatu imekwisha kuandikwa kwenye jani dogo kuliko ukucha. Nikifikiria watu waliokaa wameinama juu ya trei za miche, wakitoa 35 na kubakiza mmoja, ninamwona shangazi akizunguka shina lake.

Oregon yenyewe ilikuwa na sababu yake ya kuutaka ulaini. Beri inayopendwa kuliko zote huko, Marion, iliyotolewa mwaka 1956, ina ladha ambayo wenyeji huitetea kwa dhati, na ina miiba. Mashine ya kuvuna huitikisa mimea na kudondosha matunda, na pamoja na matunda hudondoka miiba. Mwiba mmoja ndani ya jamu unatosha kuumiza mdomo wa mlaji na jina la kiwanda. Ndipo wazalishaji wa jimbo hilo wakatafuta mmea wenye ladha ya aina hiyo usio na hatari hiyo, na katika miaka ya 2010 wakatoa Columbia Star.

Wapo wanaosema beri zisizo na miiba hazina ladha. Kwa aina za mwanzo wana haki. Zilikuwa chachu na zilichelewa kuiva. Kwa hizi za sasa, naona kosa liko kwenye mkono wa mchumaji. Beri ikigeuka nyeusi bado haijaiva. Inapong'aa sana bado ina uchachu. Inaiva siku chache baadaye, weusi wake unapofifia na tunda linapoachia kikonyo kwa kuguswa tu, likiondoka na moyo wake mweupe ndani. Kwenye mmea wa miiba mkono huingia polepole, unachagua, unachukua lile linalojitoa bila kubishana. Kwenye mmea laini mkono haujui hofu, unakomba kila kilicho cheusi. Mwiba ulikuwa ukimfundisha mchumaji subira, na subira hiyo nayo sasa ni juu yetu.

Kuna mberi mmoja unaostahili kutajwa peke yake. Mwaka 1926, hapohapo Oregon, ulionekana ufito usio na miiba kwenye mberi wa majani yaliyochanikachanika, ambao kwa kawaida una miiba mikali. Ukazalishwa, ukasambaa mashambani kwa jina la Thornless Evergreen. Lakini ulaini wake uko kwenye tabaka la nje tu. Mwiba wa mberi huota kutoka kwenye ngozi ya ufito, na ngozi ya mmea huu ndiyo iliyobadilika. Ndani bado ni ule wa zamani. Ukiuzalisha kwa kufukia ncha ya ufito, ngozi inafuata na mche unakuwa laini. Ukipitisha jembe karibu na shina na kuukata mzizi, machipukizi yanayotoka kwenye jeraha huanzia kwenye tishu ya ndani, nayo hutoka na miiba kamili. Ndiyo maana wakulima wa aina hiyo hupalilia juujuu. Triple Crown na Navaho hazina shida hiyo, ulaini wake umeingia hadi mizizini. Hata hivyo mimi nazo sizichimbii karibu. Naweka matandazo ya vipande vya mbao na kung'oa magugu kwa mkono, na najua kwamba sehemu ya uangalifu huo nimeipata kwa kuufikiria ule mmea wa 1926.

Baada ya fito zilizozaa kuondoka, zinabaki changa, na hizo nazo zina mikato yake. Katikati ya kiangazi, ufito ukifika usawa wa kifua au zaidi kidogo, unaukata ncha, kipande cha urefu wa kidole tu. Ufito unaacha kukimbilia juu, unatoa matawi ya pembeni, na matawi hayo ndiyo yatakayobeba maua. Mwishoni mwa majira ya baridi, kabla macho hayajafunguka, unapunguza matawi hayo yabaki na urefu wa sentimita 30 hadi 45. Mkato huu ndio unaowaumiza wengi. Unatupa chini matawi mazima, yenye afya, yenye macho yaliyojaa, na mvua ya Februari inakunyeshea mgongoni. Lakini tawi refu huzaa beri nyingi ndogo zilizokauka upande mmoja. Tawi fupi huzaa chache zilizojaa maji. Fito zenyewe unabakiza nne, tano au sita kwa shina, zile nene, zilizoachana.

Mwaka huu nilikuwa katikati ya kazi ya Agosti nilipopiga simu nyumbani. Oregon ilikuwa asubuhi, Muleba usiku umeshaingia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Nakata fito za beri. Zimekwisha kuzaa."

"Mabinti umewaacha?"

"Nimeacha watano kila shina."

"Watano!" Akanyamaza kidogo. "Na chakula chao?"

Nikamweleza habari ya mboji ninayoweka mwanzoni mwa majira ya kuchipua, na maji ya kiangazi. Akauliza kama mkasi nimeusafisha. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, watu walifundishwa kuchoma panga kwenye moto au kulitia kwenye klorini ya kufulia kabla ya kuhamia shina jingine, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa ukisafiri kwenye makali ya chuma. Tangu hapo hamwamini mtu yeyote mwenye kisu. Nikamwambia naufuta kwa spiriti kila nikihama. Ndipo nikamsimulia kwamba mmea wenyewe hauna miiba, na kwamba nafunga kila ufito kwenye waya kwa vitambaa, kwa sababu hauwezi kujishikia.

"Kwa hiyo huo mti unakutegemea."

"Ndiyo, shangazi."

"Na ukija huku mwezi wa kumi, nani ataufunga?"

Jirani yangu wa upande wa kushoto ni familia kutoka Uvira, mashariki ya Kongo. Kijana wao mdogo huja kuchuma tangu beri ya kwanza inapoiva, na siku hiyo jioni nilimwita aje kwa sababu nyingine. Nilimpa vipande vya kitenge kilichochakaa, nikamwonyesha namna ya kufunga: kitambaa kinauzunguka ufito, kinapishana katikati, kinaizunguka waya, ili ufito usisuguane na chuma, na kati ya kitambaa na ufito kidole kipite, kwa sababu ufito utanenepa.

"Tonton, ile ya majani makubwa njo tunafunga?"

"Hizo. Zile za kahawia zimekwisha kuondoka."

"Na hii?" Alikuwa ameupata ufito mmoja uliotambaa hadi chini ya uzio, ncha yake imeanza kuota mizizi kwenye udongo wa upande wao.

Huo tuliuacha ulivyo. Mwakani, mwezi wa tatu, utakatwa kutoka kwa mama yake, na mche utakuwa wa kwao. Baba yake ameshatafuta nguzo mbili. Wakati huo nitakuwa nimerudi. Mwezi wa kumi waya ya chini nimemwachia kijana, na ya juu, asiyoifikia, amesema mwenyewe kwamba dada yake ataifikia kwa kupanda kiti.